Biti ya Kushoto

Saa nane na dakika tatu usiku, Leamington, Ontario,
baridi ilivuka sifuri kwa mara ya kwanza mwaka ule,
na boila ya Abram Dyck ikazimwa.
Haikuharibika. Ilizimwa kwa adabu,
kama mhudumu anayezima taa wageni wakishaondoka.
Kisha vioo vya paa vikafunguka, kimoja kimoja,
safu kumi na mbili,
na miche elfu sita ya matango ikatazamana na nyota.

Mimi nilikuwa Windsor, nimelala.
Chipu niliyoifunga wiki mbili kabla ilikuwa macho.

Asubuhi tulikaa juu ya ndoo zilizopinduliwa,
kompyuta magotini, miche imelala kwenye trei
kama mboga iliyochemshwa ikasahauliwa.
Nikasoma kumbukumbu za usiku:
tatu, mbili, moja, sifuri,
boila inawaka, paa limefungwa, sawa, sawa,
halafu mia mbili hamsini na tano.
Halafu mia mbili hamsini na nne.
"Nje?" Abram akauliza. "Nje hapa?"
Barafu ilikuwa imeota ndevu kwenye bomba.
"Hata tanuri la mke wangu halifiki huko."

Nikamchorea kwenye kifuniko cha kasha la mbegu:
moja saba, na sifuri mwishoni.
11111110
Ile ya kushoto kabisa, ya nane, ndiyo yenye siri.
Ukiihesabu mali, ina mia na ishirini na nane;
ukiihesabu deni, unadaiwa mia na ishirini na nane,
na sita zinazoifuata, zote pamoja,
zina mia na ishirini na sita tu.
Tajiri wa mia mbili hamsini na nne,
au fukara aliyepungukiwa na mbili.
Sarafu ni zilezile. Daftari ndilo jingine.

Chipu ya zamani ilisoma deni.
Miaka tisa ilisoma deni, bila kuambiwa.
Ikafa, kiwanda kimeacha kuitengeneza, nikaleta mpya,
nikahamisha maneno yangu mstari kwa mstari,
kompaila ikapita bila onyo hata moja,
nami nikaisifu mikono yangu.
Nilikuwa nimeandika: herufi. Basi.
Sikusema yenye alama, sikusema isiyo na alama.
Niliacha vile, kama mtu anayesema "tutaonana"
bila kutaja siku.
Ya zamani ilijaza pengo langu kwa desturi za kwao,
mpya ikalijaza kwa desturi za kwao,
na sheria ya lugha imeziruhusu zote mbili.
Kimya kina mshindo, walisema waliotutangulia;
mshindo wa hiki changu ulikuwa vioo, safu kumi na mbili, vikifunguka.

Na nilijaribu! Nilijaribu mezani,
chumba cha nyuzi ishirini na moja, chai pembeni.
Nilikipulizia kipimajoto, kikapanda, nikafurahi.
Friji ilikuwa hatua nne kutoka pale.

Abram hakugomba. Heri angegomba.
Aliuliza jambo moja, akikwangua kioo kwa ukucha:
"Kama ni baridi, mbona mnaiita herufi?"
Nikafungua mdomo. Ni habari ndefu, nikasema,
zamani nafasi ilikuwa haba, kila kitu kilibanwa humo humo...
Akaitikia kama mtu anavyomwitikia mtoto wa jirani.

Dawa yake: neno la herufi sita
mbele ya neno la herufi nne. Dakika moja.
Kisha nikapekua faili zote nikitafuta kimya changu kingine,
nikakikuta mara arobaini na moja:
kwenye unyevu, kwenye upepo, kwenye tarehe,
na kimoja ndani ya kazi niliyomuuzia mtu wa Kingsville,
mfuga kuku.

Nikampigia kabla ya kula. Hakupokea.
Nje ilisoma tatu, na kistari mbele yake,
kifupi, chembamba, ungedhani ni vumbi kwenye skrini.
Nikapiga tena.